Mtenda Anakuja Mwisho: Miaka Yangu ya Kufundisha Kiklingoni Kabondo

Siku niliporudisha ufunguo wa darasa, Trésor aliniambia, "Mama Zaituni, usiende na vitu vyote katika kichwa. Utuandikie." Basi nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye kituo chetu cha lugha hapa Kabondo, Kisangani, hasa mtakaopokea darasa la Jumamosi. Habari za cheo sina, maana nilikuwa nacho kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: mwalimu wa wanaoanza. Waliokwisha kujua walikwenda kwa wengine. Mimi nilipewa wale ambao hawajui hata mahali pa kuweka kitenzi, na sikuwahi kuomba kubadilishiwa.

Nilizaliwa Kasongo, huko Maniema. Ndoa ndiyo iliyonileta Kisangani, nikiwa na cheti cha ualimu, Kifaransa cha vitabuni, na Kiswahili ambacho majirani zangu wapya walikisikiliza kwa tabasamu kama watu waliofungua redio ya nchi nyingine. Kituo kilikuwa nyumba ya kawaida yenye veranda, bati lenye kelele wakati wa mvua, na ubao uliopasuka katikati. Ufa ule mnaujua. Bado upo. Kila sentensi ndefu lazima irukie ng'ambo ya pili.

Siku yangu ya kwanza nilifundisha Kifaransa kwa wafanyabiashara wa mto. Nilikuwa nimejiandaa vizuri mno. Nilianza na alfabeti, kisha alama za juu ya herufi, moja moja, kwa chaki ya rangi. Mama mmoja wa Isangi, muuza samaki wa kukaushwa, aliinua mkono.

"Madame, mi nataka kusema na polisi ya bandari, asinizungushe. Hii kofia juu ya e itanisaidia wapi?"

Darasa zima lilicheka. Papa Lokangu, mwenye kituo, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alikuwa mtu wa Yanonge, mrefu, mwenye sauti ndogo, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi chuo kikuu akiwasaidia wataalamu wa lugha kabla ya kufungua mahali pake mwenyewe. Hakuniaibisha mbele ya watu. Darasa lilipokwisha alinipa maji ya kunywa, akasema, "Zaituni, yule mama iko na haja ya sentensi. Mupe sentensi moja, aitumie leo hii. Kanuni utamupa kesho, akirudi kukuambia kama ilimusaidia."

Kesho yake mama wa Isangi alirudi. Sentensi haikumsaidia kwa polisi, lakini alikuwa ameisema yote bila kukosea, na alitaka nyingine yenye ukali zaidi.

Papa Lokangu ndiye pia aliyenipa chombo cha kazi ambacho ninyi mnakidharau hadi mkitumie. Alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirisha hadi dirisha. Akakata karatoni za sabuni vipande vipande, akaandika kwenye kila kipande neno au nusu ya neno, kisha akavianika kwa vibanio. Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba "ninakuona" si neno moja bali ni watu wawili na kitendo chao, unamwanikia: hiki kipande ni mimi, hiki ni sasa, hiki ni wewe, hiki ni kuona. Mwanafunzi anaweza kunyanyuka, akavuta kibanio, akahamisha. Ubao haukubali kuguswa namna hiyo. Niliitumia kamba ile kwa Kifaransa, kwa Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho, na kwa Kiswahili sanifu kwa wasemaji wa Kilingala ambao kwao kila kitu "iko". Nilidhani nimeshaifikisha mwisho wa uwezo wake.

Halafu akaja Trésor.

Wakati ule alikuwa mwanafunzi wa informatique, yaani mambo ya kompyuta, mwembamba, mwenye kusema haraka. Aliingia na wenzake wakiwa wameinamia simu moja. "Madame, tuko na maneno mingi ya luga moja, lakini hatuwezi kuyaunga. Utusaidie na sentensi."

Nikauliza ni lugha ya watu gani. Wakatazamana.

"Ya batu ba sinema, Madame," akasema Trésor. "Ba kule juu." Akaonyesha bati.

Ndipo nilipofahamishwa habari za Kiklingoni. Ni lugha iliyotungwa na mtaalamu kwa ajili ya sinema za safari za angani, ikapewa kabila la wapiganaji wasioishi popote. Lakini ina kamusi na sarufi, na watu wa nchi nyingi, watu wazima wenye kazi zao, huandikiana kwayo. Nilikwenda kumuuliza Papa Lokangu nikitumaini atakataa. Alikuwa anakula lituma, ndizi za kupondwa, kwa samaki, akaweka sahani chini.

"Iko na kitenzi?"

"Inacho, Papa."

"Kitenzi inashika viambishi mbele na nyuma?"

"Vingi."

Akanawa mikono. "Bon. Basi tunafundisha."

Nawaambia ukweli, hakuna darasa lililonipa raha kama lile. Nimesikia kwamba Wazungu wanaojifunza Kiklingoni huteswa na viambishi vya mwanzo wa kitenzi, kwa sababu kiambishi kimoja hubeba mtenda na mtendwa pamoja. *legh* ni kuona. *qalegh*, nakuona. *cholegh*, unaniona. Vijana wa Kabondo walitazama karatoni zile wakashangaa kuna ugumu gani. Sisi tumezaliwa na viambishi mdomoni. Asubuhi moja ilitosha.

Kilichowashinda ni kingine. Kiklingoni hakina "iko". Mtu aliyechoka hasemi "niko muchovu"; anasema *jIDoy'*, nimechoka, basi. Niliwaambia hata Kiswahili kizuri husema hivyo. Wakaniambia, kwa heshima, kwamba Kiswahili changu iko ya Maniema. Salamu pia hakina. Mkutanapo unasema *nuqneH*, yaani "unataka nini?" Nilipowafundisha hiyo, Trésor alisema ofisi nyingi za mji huu tayari zinazungumza Kiklingoni.

Mlima mkubwa ulikuwa mpangilio. Katika Kiklingoni mtendwa anatangulia, kitenzi kinafuata, mtenda anakuja mwisho. Ukisema *ghotI' Sop be'*, mwanamke anakula samaki. Ukigeuza, *be' Sop ghotI'*, samaki amemla mwanamke, na umeleta msiba. Kila anayeanza hugeuza. Msiwakemee. Waacheni wamuue yule mwanamke mara nyingi kadiri wanavyotaka, kwa sababu kila anapoliwa darasa hucheka, na kicheko ndicho kinachowafanya wakumbuke. Msikubali tu waende nyumbani kabla hajafufuka.

Sasa niwaeleze habari za Mado, ambazo wengine wenu mmezisikia nusu nusu.

Aliletwa na shangazi yake, Tante Véro, kwa ajili ya Kifaransa. Mtihani wa mwisho wa shule ulikuwa mbele na walimu walilalamika kwamba haandiki vibaya ila hafungui mdomo. Mama yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa, na tangu msiba msichana alijibu kwa kichwa tu, ndiyo au hapana. Baba yake, Papa Bolamba, alikuwa mtu wa mto, Mlokele, akipeleka bidhaa kwa mtumbwi wa mota hadi Isangi na kurudi. Nilijaribu kila njia niliyoijua. Mado alinakili kila kitu kwa mwandiko mzuri na hakusema hata bonjour.

Darasa la Kiklingoni lilikuwa chumba cha pili. Siku moja wale vijana walimfanya samaki amle mwanamke, wakapiga kelele, na Mado akainuka akaenda kusimama mlangoni kwao. Jumamosi iliyofuata alikaa huko. Nilianika *cholegh'a'*, "unaniona?", nikauliza nani atajibu. Sauti nisiyoijua, nzito kidogo kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, ilisema nyuma yangu, "*qalegh*."

Sikugeuka haraka. Niliogopa kumtisha. Nilianika swali jingine.

Kwa miezi kadhaa alisema Kiklingoni na sisi, na kwingine kote alinyamaza. Alikuwa na sikio kali. Ile S yao, ambayo hutamkwa karibu na "sh" yetu, aliitoa vizuri kuliko Trésor, na Trésor hakupendezwa. Sikumwuliza sababu. Nilidhani sababu itakuja yenyewe. Badala yake, Jumamosi moja kiti chake kilibaki kitupu, na ya pili pia, kisha baba yake akaja, akiendesha baiskeli yake mwenyewe, akaiegemeza ukutani kwa nguvu.

"Madame, ni wewe unafundisha mutoto wangu luga ya bashetani?"

Nilimkaribisha akae. Hakukaa.

"Kila jioni akifagia jikoni anasimama, anaita Shoshwi. Ananyamaza, anaita tena. Dada yangu amesikia. Jirani bamesikia. Pasta anasema Shoshwi iko jina ya pepo, na mutoto atafungwa katika chumba ya maombi bila kula mpaka ile kitu imutoke."

Niliposikia "Shoshwi" nililitambua neno. Nilimwambia taratibu, "Papa Bolamba, lile si jina. *SoS* ni mama. Hiki kidogo cha mwisho, *wI'*, ni 'yangu'. Mtoto anasema 'mama yangu'."

"Mama yake iliitwa Antoinette," akasema.

"Najua, baba. Lakini hata kwa Kiswahili alimwita mama, hakumwita Antoinette."

"Wewe unatetea kazi yako." Sauti yake ilipanda, kisha ikakatika. Niliona kwamba hajalala vizuri siku nyingi. "Bibi yangu, mama yake, amekufa, Madame. Nikimuacha mutoto naye aende, nitasema nini?"

Alipoondoka nilikaa peke yangu mbele ya kamba. Mado alikuwa mwembamba wa kutisha tayari. Kufunga chakula kungemwangusha. Nami ningefanya nini? Mwanamke Mwislamu kutoka Maniema, niingie kanisa la watu nikawafundishe mapepo yao? Papa Lokangu alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi Yanonge. Nilimpigia simu. Mtandao ulikuwa mbaya, nikamsikia vipande vipande. Nilimweleza yote.

"Usibishane naye juu ya mashetani," akasema. "Hiyo hatukuisomea. Wewe fundisha." Na simu ikakatika.

Nilimtuma Trésor kwa Papa Bolamba na ombi moja: kabla ya chumba cha maombi, aje Jumamosi na pasta wake na Mado, waione hiyo lugha kwa macho. Sikutegemea atakubali. Alikubali. Mpaka leo naamini alikuwa anatafuta mtu wa kumzuia.

Walikuja. Pasta alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri, shati limepigwa pasi vizuri, Biblia mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akanisalimu vizuri, akaniita Mama.

"Mi siko adui ya mutoto," akasema. "Lakini sikia, Mama. Kama ni luga, batu wawili wanaweza kusikilizana nayo. Kama ni kelele tu, hawawezi. Donc tujaribu."

Lilikuwa jaribio la haki, na ningelipendekeza mwenyewe kama ningekuwa na utulivu. Tukapatana hivi: Mado na Tante Véro wakae veranda. Tante Véro amnong'oneze Mado sentensi kwa Kiswahili. Mado aiseme kwa Kiklingoni kupitia dirishani. Trésor, aliye ndani, aitafsiri. Pasta asimame mlangoni awasikie wote. Mimi nisifungue mdomo.

Kabla ya hapo niliomba ruhusa ya somo fupi, ili wageni waelewe watakachokisikia. Nilianika samaki, nikaanika kula, nikaanika mwanamke. Nilisema, "Yule anayetendewa anakaa mbele. Anayetenda anakuja mwisho." Pasta aliuliza kwa nini. Nikamwambia aliyeitunga aliamua hivyo, nasi hatuna pa kupeleka malalamiko. Papa Bolamba alikaa kwenye dawati la nyuma, mikono imekunjwa kifuani, akitazama kamba bila kupepesa.

Sentensi ya kwanza ilikuja kupitia dirisha, kwa sauti ya Mado: "*taj nej be'*."

"Mwanamuke anatafuta kisu," akasema Trésor.

"Njo vile," yaani ndivyo, akajibu Tante Véro kutoka nje, kwa mshangao.

Ya pili: "*jIDoy'*."

"Nimechoka."

"Njo vile!"

Pasta aliinua kidole. "Ile ni fupi sana. Mupe ingine, ya batu wawili."

Tante Véro akanong'ona nje. Kisha Mado: "*puq legh vav*."

Trésor alikuwa anatoka jasho. Kijana aliyewafundisha wengine wote kanuni ile, nikamsikia ananong'ona maneno kwa mpangilio wa Kiswahili, mtoto, kuona, baba. Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza.

"Mutoto anaona papa," akasema.

"Hapana!" Tante Véro alisema kwa huzuni ya kweli. "Ile sikusema."

Pasta alishusha pumzi. Hakufurahi, namshuhudia. Alihamisha Biblia kutoka mkono huu hadi ule, akamgeukia Papa Bolamba, na nikajua maneno gani yanakuja. Trésor aliweka mikono kichwani.

Papa Bolamba alikuwa ameshasimama. Alitembea kati ya madawati hadi kwenye kamba, akaweka kidole chake kikubwa chenye makovu ya kamba za mtumbwi juu ya kipande cha samaki.

"Trésor, umegeuza," akasema. "Madame amesema ile ya mbele njo inatendewa. *puq* iko mbele. *vav* iko nyuma." Akasogeza kidole taratibu hadi mwisho wa kamba. "Papa anaona mutoto."

"Njo vile!" Tante Véro alimpigia kaka yake yowe dirishani. "Yaya, njo vile nilisema! Papa anaona mutoto!"

Pasta aliuliza, "Papa Bolamba, nani amekufundisha?"

"Madame. Sasa hivi. Wewe ulikuwa unaangalia simu yako."

Pasta, kwa sifa yake, alicheka wa kwanza.

Lakini Papa Bolamba hakucheka. Alimwita binti yake aingie, akamwambia kwa upole ambao nadhani alikuwa ameusahau, "Mado, sema ile ya jikoni. Yote. Usiogope."

Mado alinitazama mimi kwanza, kisha baba yake. "*naDev ba'pu' SoSwI'*," akasema.

Niliandika vipande haraka nyuma ya karatoni za zamani, nikavianika. Papa Bolamba alininyamazisha kwa mkono nilipotaka kueleza. Alitaka kuuliza mwenyewe, kipande kwa kipande. Hiki? Hapa. Hiki? Kukaa. Na hiki kidogo? Kinasema kitendo kimekwisha. Na hiki? Mama. Alipofika *wI'* hakuuliza. Alirudi mwisho wa kamba, alikokuwa mtenda, akasoma kuelekea mbele kwa kidole.

"Mama yangu... alikaa... hapa."

Akasimama na kidole chake juu ya lile neno la hapa.

"Iko kweli," akasema, na hakuwa anamwambia yeyote kati yetu. "Pale karibu na mulango. Njo pale alikuwa anaikalaka akichambua majani ya pondu."

Tante Véro aliingia ndani akiwa amejifunika uso kwa kitenge. Pasta aliketi kwenye dawati la kwanza, dogo kwake, magoti yamepanda juu. Baada ya muda alisema, "Hapa sina kazi." Kisha akaomba ruhusa ya kusali, si dhidi ya kitu chochote, ila kumwombea marehemu. Nikaitikia amina pamoja nao. Mungu atatupanga baadaye.

Ni siku ile ile, wakati wengine wanakunja kamba, ndipo Mado alinipa sababu ambayo sikuiuliza. Alisema kwa Kiswahili, chini chini, akitafuta maneno. "Kifaransa, Kiswahili, Kilokele, yote mama njo alinifundisha. Nikifungua kinywa, namusikia. Hii hakunifundisha. Hapa naweza kumutaja bila kumusikia." Nimefundisha lugha maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba lugha mpya inaweza kuwa chumba ambacho aliyekufa hajawahi kuingia. Nilimpa vibanio avihesabu, ili mikono yake ipate kazi.

Habari za chumba cha maombi ziliisha hapo. Pasta aliwaeleza waumini wake Jumapili, na naambiwa alianika hata mfano wa samaki, ingawa samaki wake alimla mwanamke. Majirani walinong'ona wiki kadhaa zaidi, kama majirani wa popote. Papa Bolamba akawa mwanafunzi wetu.

Niwaonye juu ya wanafunzi wa aina yake, maana mtawapata. Ni mtu mzima, ana sababu moja tu ya kujifunza, na hana subira na chochote kisichohusu sababu hiyo. Wanyama hakuwataka, wala rangi, wala hesabu. Alitaka kuongea na binti yake. Alikuja Jumamosi alipokuwa hayuko safarini, akinuka mafuta ya mota, akachanganya kila kiambishi kilichopo. *qaQoy*, nakusikia, aliigeuza kila mara kuwa *choQoy*, unanisikia. Na "iko" hakuiacha kamwe. Alikuwa na Kiklingoni cha mtoni, hakuna mwingine duniani aliyekuwa nacho.

Mado ndiye aliyekuwa anamrekebisha. Mwanzoni alimrekebisha kwa Kiklingoni chenyewe, na baba akawa anaitikia kwa kichwa bila kuelewa hata silabi. Msichana akarudia polepole. Baba akaitikia tena. Nilikuwa pembeni nikifuta ubao, na niliona uso wa Mado ukibadilika kwa namna ninayoijua vizuri, kwa sababu ndivyo uso wa kila mwalimu unavyobadilika. Akasema kwa Kilokele, haraka na kwa hasira, maneno mengi mfululizo. Sikuyaelewa. Papa Bolamba aliyaelewa. Alisema, "Pardon, mama," kwa unyenyekevu mkubwa, na akakosea tena kiambishi kile kile. Nimejiuliza mara nyingi kama kosa lile la pili lilikuwa la kweli. Tangu hapo kila somo lao lilikuwa Kiklingoni kidogo na maelezo marefu ya Kilokele na Kiswahili, na maelezo yakazidi kurefuka.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Anayeanza mpeni sentensi yenye mtu ndani yake. Mkikosea mbele ya darasa, wacheni darasa liwarekebishe. Karatoni za sabuni hudumu kuliko za maziwa. Wakija watu kuwaambia kwamba mnafundisha upuuzi, wakaribisheni waketi, kwa sababu wengine wana hofu tu na hawana pa kuipeleka.

Mado alifaulu mtihani wake. Alipata nafasi ya kusomea uuguzi, na mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja kuniaga, kwa sababu masomo yangeanza na Jumamosi zake zingekwisha. Alisema Kiklingoni atakiacha. Hakina neno la sindano analoliamini. Tuliketi veranda. Akanieleza habari za shule mpya, na za mwalimu mmoja anayesema puani, na jinsi Tante Véro alivyogombana na mwenye duka, na jinsi baba yake alivyotaka kuwafundisha Kiklingoni mabaharia wenzake wakakosa njia. Aliiga sauti za wote. Alicheka katikati ya sentensi na kuziacha bila kuzimaliza, akaanza nyingine. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia, maneno mazuri, kwa Kiswahili changu cha Maniema: kwamba nitamkumbuka, kwamba hakuna mwanafunzi aliyenipa furaha kama yeye. Nilifungua mdomo kuyasema, akawa amefika kwenye habari nyingine. Nikafungua tena.

Hakuniachia nafasi.